Saa ya Kuiga na Jina la Mwingine

Je, ni kosa kuvaa saa iliyofanana na saa ya thamani kubwa, ikiwa mtu ameinunua kwa fedha yake, naye ajua kuwa siyo yenyewe? Yafaa tulipime swali hili, maana saa za namna hiyo hazikosekani katika masoko ya miji yetu.

Kwanza tutenge mambo mawili. Mwaka 1953 kampuni ya Rolex ilitengeneza saa ya wapiga mbizi iitwayo Submariner, yenye kustahimili maji hata kina cha meta 100. Umbo lake likapendwa, na wengine wakalifuata. Kampuni ya Steinhart ya Ujerumani imeuza saa zilizo karibu sana na umbo hilo, lakini usoni zimeandikwa Steinhart. Hiyo ni kama mjukuu aliyechukua sura ya babu yake: watu humsifu kwa kufanana naye, wala hakuna aliyedanganywa. Namna ya pili ni saa iliyoandikwa Rolex, nayo haikutoka Rolex. Huyo si mjukuu. Ni mgeni ajaye matangani na kujiita mwana wa marehemu, ili agawiwe shamba la migomba.

Kwa nini jina liibwe? Kwa sababu thamani haimo katika chuma peke yake. Mwaka 2017, mjini New York, saa kuukuu ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mchezaji filamu Paul Newman ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Haikuhesabu dakika kwa usahihi kupita saa za bei ndogo. Lakini mkewe ndiye aliyempa, imechongwa nyuma maneno ya kumwonya aendeshe gari kwa uangalifu, naye akaivaa miaka mingi. Chuma huigwa, maisha hayo hayaigiki.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 humkataza mfanya biashara kughushi alama ya mwingine. Walakini mnunuzi atasema, "Mimi sikudanganywa, wala tajiri wa Uswisi hakupungukiwa, maana saa yake nisingeweza kuinunua kamwe." Neno hili ni nusu ya kweli. Lakini saa haivaliwi gizani. Tuseme kijana ameivaa siku ya posa, na wazee wa binti wakautazama mkono wake, wakakadiria hesabu ya ng'ombe. Yeye hakusema neno; saa imesema kwa niaba yake. Tena tuseme amekufa na siri yake. Mjane anaitunza saa ile kama akiba, hata siku ya karo ya watoto anaipeleka mjini. Fundi anaifungua, anatikisa kichwa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wa chuma huweza kuishi kupita mwenyewe, ukamwangukia asiye na hatia.

Basi, ndugu msomaji, apendaye umbo zuri na anunue lenye jina lake la kweli, si aibu. Saa ya bei ndogo uliyoivaa miaka ishirini katika kuchuma chai ina historia yako mwenyewe. Kipimo ni hiki: mkweo akikuuliza, "Saa hiyo ni yenyewe?" je, utamjibu upesi, au utavuta mkono wa shati uifunike?