Ngumi ya Mwanafunzi na Fimbo ya Mwalimu

Mwanafunzi wa miaka kumi na mitano ampigapo mwenzake ngumi, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa kijana huyo ni mwovu, na dawa ya mwovu ni fimbo. La pili husema kuwa ujana ni moto upitao, basi asilaumiwe mtu. Kila kundi lina sehemu ya kweli, wala hakuna lenye kweli yote.

Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwajaribu watoto wadogo 72. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere kwa nyundo ya mti. Watoto hao walipopata nafasi ya kucheza na mwanasesere, waliyaiga mapigo yale, hata na maneno, kuliko wenzao wasioyaona. Mkono, kama ulimi, hufundishwa.

Jicho nalo hufundishwa. Mwaka 1980 Kenneth Dodge alionyesha kuwa wavulana wenye tabia ya kupiga, wapatwapo na dhara ambalo nia yake haikubainika, huelekea kudhani kuwa wamekusudiwa ubaya. Mwenzao akiwagusa bega mlangoni, wao huona tusi. Kumbe ngumi hutanguliwa na tafsiri.

Hapo ndipo fimbo ya mwalimu inapoingia katika hoja. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001; kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliiruhusu, zikaiwekea mpaka wa mapigo manne. Lakini hata fimbo yenye mpaka ina somo lake. Mwalimu amchapaye mwanafunzi kwa kosa la kupiga humkataza kwa kinywa na kumfundisha kwa mkono. Na mwanafunzi hukumbuka zaidi somo la mkono.

Je, kijana hana hatia? Anayo. Baina ya tafsiri na ngumi pana nafasi, japo nyembamba kama uzi, na nafasi hiyo ni mali yake. Chanzo cha kosa hakilifuti kosa, huliongezea washirika. Kwa hiyo yapasa mkosaji aulizwe kwanza, “Ulidhani mwenzako amekusudia nini?” Swali hilo humfunza kuipanua nafasi ile. Fimbo huiziba, kisha wazee hustaajabu kuona kijana amepita pasipo kusita.