Bila Kukatizwa

Kuna sharti moja katika Yoga Sutra ya Patanjali ambalo kila nikilifikia nacheka kidogo. Mazoezi, anasema, hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Muda mrefu, sawa. Moyo ninao. Lakini bila kukatizwa? Huku kwetu Ruvu?

Si kwamba mzee huyu alipuuza ugumu. Katika sura hiyohiyo ya kwanza anataja vikwazo tisa: maradhi, uzito wa akili, shaka, uzembe, uvivu, tamaa, kuona kisichopo, kushindwa kufikia hatua, na kushindwa kubaki pale ulipofika. Ni orodha ya mtu aliyejichunguza vizuri (hicho cha mwisho nakijua kama ndugu yangu). Ila tazama: vyote tisa vimo ndani ya mtu mwenyewe. Hakuna ndoo. Hakuna mama mkwe aliyeamka na kifua. Hakuna mtoto anayeulizia soksi za shule. Ukiisoma ukiwa na nyumba ya kuangalia, unajiuliza: uji wa huyu bwana alikuwa anapika nani?

Siulizi kwa kejeli. Nusu saa yangu ya alfajiri haikudondoka kutoka mbinguni, imetoka kwa mtu. Mto unaoinywesha Dar es Salaam unapita huku kwetu, na bado nyumbani siku inaanza kwa kubeba maji. Nikiwa mkekani, kuna mwingine kajitwika ndoo. Je, utulivu wangu ni halali?

Maneno ya majirani, eti naabudu miungu ya Kihindi, hayakunisumbua sana. Mmoja wao mwenye mgongo mbovu alijaribu, sasa anakuja kila Jumamosi na khanga yake ya kutandika.

Wanaonisumbua ni wale wenye jibu la haraka: kuhudumia familia ndiyo yoga yako, mama. Tamu kweli! Na Patanjali ni kama anawaunga mkono, maana baada ya vikwazo anashauri tuitulize akili kwa urafiki kwa wenye raha, huruma kwa wenye taabu, furaha kwa watu wema, na utulivu mbele ya waovu. Kumbe watu wamo, ila amewaweka kwenye dawa, si kwenye ugonjwa. Hapo nampenda. Mama mkwe anayekohoa si kikwazo changu, na mkao wowote unaonifanya nisimsikie sina haja nao.

Lakini lile jibu tamu nimelisikia wakiambiwa wanawake tu. Shemeji yangu anakimbia kila jioni mpaka stesheni na kurudi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kukuna nazi ndiyo mbio zake.

Basi suala nikalipeleka barazani, mume wangu akiwepo. Nikasema, "Shemeji, ndoo za alfajiri nakuomba uzichukue wewe."

"Kila siku?"

Tulivutana. Tukaishia siku tatu kwa wiki, na Jumapili ni ya mume wangu, ambaye hadi leo anamwaga nusu njiani. Siku zilizobaki naamka kabla ya adhana. Mama akikohoa, naukunja mkeka nikamchemshie tangawizi.