Uenyeji wa Mtoto Shuleni: Tafakuri juu ya Dzaleka na Lilongwe

Uenyeji wa shuleni, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni hali ya mtoto kuwa na nafasi yake miongoni mwa walimu na wenzake, kiasi kwamba asipofika pengo lake huonekana, na akifika yapo mambo anayotarajiwa kuyafanya. Hali hii ina pande mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara: hisia, yaani namna mtoto anavyojiona, na hadhi, yaani namna sheria na taratibu zinavyomtambua. Ukarimu wa mwalimu hujenga hisia, lakini hisia isiyoegemea hadhi ni ahadi isiyo na mdhamini.

Tofauti hiyo huonekana wazi nchini Malawi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoko wilayani Dowa kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, na leo inabeba zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka huohuo Malawi ilifuta ada ya shule za msingi. Hata hivyo, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, nchi hiyo iliweka pingamizi, yaani tamko la kutofungwa na vifungu fulani, kikiwamo cha 22 kinachohusu elimu ya umma. Hivyo mtoto aliyezaliwa kambini huweza kumaliza shule akiijua historia ya Malawi kuliko ya nchi nyingine yoyote, huku kisheria akihesabiwa mgeni.

Lugha nayo huugusa uenyeji huo. Mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa huko Bukavu, Kongo, hukutana na Kichewa uwanjani na Kiingereza darasani, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ujinga. Kumfundisha lugha hizo ni wajibu. Kumtaka akiache Kiswahili ili akubalike ni kosa, kwa kuwa kufanana na wengine si sharti la kuwa mmoja wao. Wahenga waliosema mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakukusudia kumfukuza tu, bali walitambua kwamba anayelima pamoja na wenyeji ameanza kuwa na sauti juu ya mavuno. Mwanafunzi anayekabidhiwa funguo za maktaba, au anayemfasiria mwenzake aliyefika jana, amepewa jembe hilo. Tena katika shule za Dzaleka husoma pia watoto wa Kimalawi wa vijiji vya jirani, na hapo mtoto wa Kikongo huweza kuwa ndiye mwenyeji anayewapokea.

Agizo la serikali la mwaka 2023, lililowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, lilidhihirisha udhaifu wa hisia isiyo na hadhi: mtoto aliyezoea darasa lake katika mtaa kama Area 49 jijini Lilongwe angeweza kuondoka katikati ya muhula, hata awe amependwa kiasi gani. Shule inayompoteza mwanafunzi kwa namna hiyo haina mamlaka ya kumzuia, lakini inaweza kumwandikia barua ya uhamisho, kumpelekea ripoti yake na kuuliza amefikia darasa gani. Walimu na wafanye hayo bila kungoja amri, na Malawi ilifute pingamizi lake juu ya kifungu cha 22.