Refa, Kadi Nyekundu na Msamaha



Vijana wa kanisa wameuliza swali zuri: Je, refa aliye Mkristo anaweza kumtoa mchezaji kwa kadi nyekundu, na huku Bwana alimfundisha Petro kusamehe bila kuhesabu? Wengine wanajibu kwamba mpira ni mchezo tu. Lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kuwa tusi la kabila likitamkwa uwanjani saa kumi, usiku linaweza kufika milangoni mwa watu. Kwa hiyo tulitafakari vizuri.

Kwanza tujue kadi zilitoka wapi. Katika Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, alimtoa Antonio Rattín, nahodha wa Argentina. Hawakuwa na lugha moja, na Rattín alikataa kuondoka kwa dakika kadhaa. Baadaye Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa msimamizi wa marefa, alitazama taa za barabarani akapata wazo: njano ni kuonya, nyekundu ni kusimama. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Basi kadi ililetwa ili aliyekosa aelewe bila mkalimani. Hapa kwetu, ambapo timu moja huitana kwa Kirundi na nyingine kwa Kibembe, tunaona faida yake.

Sheria yenyewe ina ngazi. Anayebishia uamuzi au kujiangusha ili adanganye hupewa onyo. Anayepiga mtu, anayetema mate au kutukana hutolewa. Tena tangu 2017 watunga sheria wameruhusu katika mpira wa ngazi ya chini njia ya katikati: mchezaji anakaa nje kwa muda, kisha anarudi kucheza. Uingereza walianza kuitumia kwa timu za mitaani msimu wa 2019/20, kwa wale wanaombishia refa: dakika 10 nje katika mchezo wa dakika 90.

Sasa turudi kwenye swali. Someni Mathayo 18. Petro aliuliza habari za kusamehe katika sura ileile ambayo Bwana, muda mfupi kabla, alieleza namna ya kumrudi ndugu aliyekosa: kwanza peke yenu, kisha na mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Bwana hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapigana. Kumrudi mtu kwa hatua ni kumpa nafasi ya kugeuka kabla ya mlango kufungwa.

Tena, kusamehe ni haki ya aliyeumizwa. Kijana akimtukania mwenzake kabila lake, refa akanyamaza na kusema amesamehe, amesamehe deni lisilo lake. Aliyetukanwa ataona hana mtetezi, na ataanza kujitetea kwa ngumi. Huruma ya namna hiyo humfaa mkosaji peke yake, na gharama wanailipa wengine.

Je, kama aliyetukanwa ni refa mwenyewe? Hapo ni vigumu zaidi, kwa sababu ni yeye aliyeumizwa na anaweza kusamehe. Nami nasema: asamehe moyoni, lakini kadi aitoe. Filimbi amepewa kwa ajili ya watu wote 22. Refa wetu halipwi, hana polisi nyuma yake, na kesho atapanga foleni ya maji pamoja na huyo kijana. Tukizoea kumdharau, msimu ujao hakuna atakayekubali kushika filimbi, na vijana wetu watabaki bila mchezo.

Lakini refa naye ana hukumu juu yake. Mambo ya Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini na pia kumwogopa mkubwa. Katika fainali ya 2006 mjini Berlin, Zinedine Zidane, akicheza mchezo wa mwisho wa maisha yake ya mpira, alimpiga Marco Materazzi kwa kichwa. Refa Horacio Elizondo hakuona. Aliambiwa na refa wa nne, akatoa kadi nyekundu bila kujali ukubwa wa jina. Kwetu majaribu ni mengine: kijana wa kabila langu, mwimbaji wa kwaya yangu, mtoto wa mzee wa kanisa. Refa anayeonya wa kwake na kuwatoa wa wengine kwa kosa moja amekuwa yeye mwenyewe chanzo cha ugomvi.

Mwisho, kadi humaliza kazi yake mchezo unapokwisha. Paulo, katika 2 Wakorintho 2, anawaomba Wakorintho wamsamehe na kumfariji mtu aliyekwisha kuadhibiwa, asije akamezwa na huzuni. Refa amefanya sehemu yake. Sehemu hii ya pili ni yetu. Wazazi, msiende kwa refa kumtetea mtoto. Kaeni na mtoto. Wazee, mtembeleeni kijana aliyetolewa kabla jua halijazama, kisha mpelekeni kwa yule aliyemtukana, akaombe msamaha. Na aliyetukanwa, hapo ndipo neno la Bwana kwa Petro linakuhusu wewe.

Mungu wa amani awe pamoja nanyi nyote. Amina.