Je, Aliyefaulu Anajua? Fikira juu ya Mtihani wa Udereva Mpakani

Walimu wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kujadiliana juu ya ngeli, vina na mizani, na fasihi simulizi ya wazee wetu. Leo naomba ruhusa ya kuleta jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la gereji na stendi, si la darasani: mtihani wa nadharia anaoufanya mwanafunzi wa udereva kabla ya kuaminiwa usukani. Nimefundisha Kiswahili baina ya Busia na Tororo kwa muda wa kutosha kuona kwamba mtihani huo, mdogo kama ulivyo, umebeba swali zito. Kuna tofauti gani kati ya kulijua jambo na kuweza kulisema? Na ikiwa tofauti ipo, je, ni haki kumpa mtu dhamana ya maisha ya wengine kwa sababu tu ameweza kusema?

Kwa asiyepafahamu mahali hapa, Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kaskazini yake ipo Malaba, ambako barabara na reli zitokazo Mombasa huingia wilaya ya Tororo. Mpaka wenyewe ni kazi ya Waingereza, ambao mwaka 1902 waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili bila ya kuhama. Malori ya kwenda Kampala, Kigali na Juba hupita hapa usiku na mchana. Na lile neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, yasemekana lilizaliwa katika mpaka huu miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipowaita abiria wa kuvushwa kutoka forodha moja hadi nyingine. Sisi walimu hupenda kujisifu kwamba tunaunda istilahi. Neno hili liliundwa na watu waliokuwa wakitoka jasho kwenye pedali, wala hawakuitisha semina.

Sasa tuutazame mtihani. Upande wa Kenya, kwa miaka mingi mtahiniwa amesimamishwa mbele ya ubao wenye mji wa mfano: barabara zimechorwa, njia panda zimewekwa, na kigari cha kuchezea kimo mkononi. Huambiwa, umetoka hapa, unakwenda pale, nionyeshe utakavyopita. Kisha huulizwa alama za barabarani. Upande wa Uganda leseni huitwa pamiti, na mwanafunzi huanza na pamiti ya muda na herufi L mbele na nyuma ya gari. Mambo ya msingi ni yale yale pande zote: kushika kushoto, kuwapisha watokao kulia kwenye mzunguko, bango jekundu la pembe nane linalomwamuru dereva asimame, na pembetatu iliyopinduliwa. Mtu mwenye bidii aweza kuyashika katika majuma machache.

Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwani kile kishikwacho kwa haraka aghalabu hugeuzwa wimbo. Karatasi ya maswali na majibu kwa Kiingereza hunakiliwa kwa mkono, hupita kutoka kwa mwanafunzi hadi mwanafunzi, na makosa ya mnakili wa kwanza huhifadhiwa kwa uaminifu mkubwa kuliko sheria yenyewe.

Aliniletea karatasi kama hiyo kijana mmoja mwendesha pikipiki, mwenye miaka tisa barabarani na bila leseni, ambaye sasa alitaka kuendesha gari. Alisema, “Mwalimu, barabara naijua. Nisaidie maneno tu.” Nilimuuliza kwa Kiswahili atafanya nini akikuta lori lenye tela linataka kukata kona. Alijibu bila ya kusita kwamba hawezi kujipenyeza upande wa ndani hata kama pana nafasi, maana kichwa cha lori hupanuka kwanza, kisha mkia hufuata kwa njia fupi na kukomba kilichopo. Jambo hilo halikuwamo katika karatasi yake. Kisha nikamsomea swali la saba kwa Kiingereza, naye akanipa jibu la swali la nane, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesali.

Mwezi huo huo nilizungumza na kijana mwingine, aliyemaliza sekondari. Yeye alikwisha kufaulu nadharia kwa mara ya kwanza. Alinitajia umbali wa kusimama kama ulivyo katika kijitabu cha Uingereza: gari likienda maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, litasimama baada ya mita 23, likienda maili 60 litasimama baada ya mita 73. Nilipomuuliza kwa nini mwendo umezidishwa mara mbili tu na umbali umezidi mara tatu, alinitazama kama niliyemdhulumu. “Hilo haliulizwi,” akasema.

Na kweli haliulizwi. Lakini jibu lake ndilo lenye manufaa yote. Katika zile mita 23, tisa hupotea kabla mguu haujakanyaga breki, dereva akiwa bado anatambua hatari. Kumi na nne ni za breki yenyewe. Mwendo ukiongezwa mara mbili, zile tisa huwa kumi na nane, jambo ambalo kila mtu angelitarajia, bali zile kumi na nne huwa hamsini na tano, karibu mara nne. Aliyeielewa sababu hii aweza kukisia hali ya mwendo wowote, ya lami iliyolowa, au ya dereva aliyechoka ambaye mita zake za kutambua zimerefuka. Aliyekariri ana namba mbili tu mfukoni, na siku akienda kwa mwendo usiokuwamo katika orodha hana kitu.

Plato, yule Mgiriki wa miaka karibu 2,400 iliyopita, aliligusa jambo hili katika mazungumzo yaitwayo Meno, tena kwa mfano wa barabara. Alisema kwamba mtu mwenye dhana sahihi juu ya njia ya kwenda mji wa Larissa, hata kama hajapata kufika, atawaongoza wenzake vyema sawa na yule anayeijua njia hiyo. Basi elimu inaizidi nini dhana sahihi? Jibu lake ni kwamba dhana hufanana na sanamu za fundi Daedalus, ambazo zisipofungwa kamba hutoroka. Kamba hiyo ni sababu. Mimi naona kwamba mfano huu wafaa kuwekwa mlangoni mwa kila shule ya udereva. Jibu lililokaririwa halitoroki mbele ya mtahini. Hutoroka baadaye, mtoto anapochomoka nyuma ya lori lililoegeshwa na hakuna aliyetaja namba ya swali.

Msomaji ataniambia: basi mpe leseni yule mwendesha pikipiki, maana yeye ndiye mjuzi. La, si rahisi hivyo, na hapa napenda tukae kidogo.

Uzoefu ni mwalimu anayesema kweli mara nyingi, kisha akadanganya mara moja. Kijana yule, pamoja na hekima yake juu ya malori, hubeba abiria watatu kwa pikipiki moja. Kwa nini? Kwa sababu kila siku amewabeba na kila siku wamefika. Miaka tisa imemthibitishia kwamba haina madhara. Uzoefu hutufundisha yale ambayo bado hayajatuua, nasi huyaita salama. Kwa hiyo ujuzi wake nao haukufungwa kamba yote.

Tena yapo mambo ya barabarani ambayo wala uzoefu wala akili haiwezi kuyavumbua. Kwa nini tushike kushoto? Hakuna sababu ya maumbile. Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini hushika kulia, na jua huwachomoza wote mashariki. Mwanafunzi hata akitafakari mwaka mzima hawezi kuufikia ukweli wa kushoto kwa kufikiri. Sharti aambiwe, naye akariri. Hapo kukariri si upungufu wa elimu, kwa sababu kinachokaririwa ni mapatano. Dereva wa lori aliyetoka Kigali hulazimika kuhamisha mapatano hayo kichwani afikapo mpaka wa Uganda, na maisha yetu hutegemea kumbukumbu yake.

Nikifikia hapo naona kwamba tumekuwa tukiuliza nusu ya swali. Mtihani haupimi tu kama mtahiniwa anajua. Unauliza kama wengine wanaweza kumtegemea. Nikaribiapo njia panda, nikamwona mgeni anakuja kutoka barabara ndogo, napita bila ya kupunguza mwendo kwa kuwa namwamini mtu ambaye sijapata kumwona: naamini kwamba ameahidi kunipisha. Ahadi hiyo hakunipa mimi, alimpa mtahini siku ile, kwa niaba yangu. Ndiyo maana yule anayenunua leseni bila ya kutahiniwa, na yule anayemuuzia, hawaiibii serikali ada tu. Wameghushi sahihi ya ahadi niliyoitegemea mimi, na mama anayevuka na gunia la mahindi, na watoto wa shule. Vile vile aliyefaulu kwa maneno asiyoyaelewa ameweka sahihi kwenye mkataba ambao hakusomewa. Hakudanganya, lakini hakuahidi pia.

Na je, kosa ni lake? Hapa suala linarudi mikononi mwetu, walimu wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza lake la mawaziri likaafiki kukitia katika matumizi. Hayo ni ya makaratasi. Karatasi ya yule kijana ilikuwa ya Kiingereza tupu.

Wapo wanaosema kwamba dereva hana budi kuijua lugha ya sheria, nao huweza kuitolea mfano Uingereza. Huko mtihani wa nadharia wa peke yake ulianza mwaka 1996, na kwa muda watahiniwa waliruhusiwa kuusikiliza kwa sauti katika lugha 19 za kigeni au kutumia wakalimani. Mwezi Aprili 2014 ruhusa hiyo iliondolewa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa zilikuwamo hizi mbili: wakalimani waliokuwa wakinong’oneza majibu, na haja ya kila dereva kuelewa lugha ya barabara za nchi ile. Nimeitafakari hoja hii ya pili, nami naikubali kabisa. Ila tuichukue kwa uaminifu mpaka hapa kwetu, tuulize: lugha ya barabara ya Malaba ni ipi? Utingo anapompigia dereva kelele arudi nyuma, huita kwa lugha gani? Askari wa trafiki wa Kenya humsimamisha dereva wa Uganda kwa lugha gani, na wakaingia katika mabishano kwa lugha gani? Hoja iliyowapeleka Waingereza kwenye Kiingereza inatupeleka sisi kwenye Kiswahili.

Nilimwambia yule kijana kwamba sitamfundisha maneno matupu. Tutapitia kila alama kwa Kiswahili, na sababu yake, kisha ndipo nimpe Kiingereza cha mtahini. Alinung’unika. “Mwalimu, mtahini haniulizi kwa nini,” alisema, akitumia karibu maneno yale yale ya mwenzake wa sekondari. Malalamiko yake yalinichoma, kwa sababu nawajua watoto wanaotaja ngeli zote kwa mfululizo na hawawezi kumwandikia mjomba barua. Mwalimu Nyerere aliikemea mitihani ya namna hiyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, nasi tungali tunaitunga.

Kazi imekuwa ndefu kuliko nilivyodhani, na sasa wamejiunga wenzake wanne wa stendi. Tumekwama katika istilahi. Ile pembetatu iliyopinduliwa, wawili walitaka iitwe “toa njia”. Mmoja akakataa, akasema kutoa njia ni kama kunyang’anywa kitu. Yeye angeiita “pisha”, kama unavyompisha mzee mlangoni. Tukaandika pisha. Mzunguko umetushinda zaidi. Watanzania wanasema kipilefti, kwa sababu ya bango lililokuwa likiwaamuru kushika kushoto, na vijana wangu wamelipenda neno hilo kwa kuwa linabeba kanuni yake ndani yake, ijapokuwa halisemi lolote juu ya kuwapisha watokao kulia. Aliye na neno bora, hasa wenzetu wa Mwanza na wa Mombasa, na atuletee kabla ya muhula kwisha.