Je, Kiasi Chaweza Kununuliwa?



Jumapili moja, watu walipokuwa wakitawanyika baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu aliniita kando, chini ya mti. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo dogo lililoviringishwa katika kitambaa, kama mtu afichaye kitu cha wizi. Akasema, "Mwalimu, unga huu naunywa kabla ya chakula. Tumbo hujaa, nami sili sana. Nataka kupungua mwili. Lakini nauliza: je, si kosa kulidanganya tumbo?" Nilitaka kumjibu upesi, walakini jibu halikuwa tayari kinywani mwangu. Nikamwomba anipe siku saba. Haya niandikayo ndiyo niliyoyawaza katika siku hizo.

Kwanza yafaa tujue unga wenyewe ni kitu gani. Katika kila mmea zimo nyuzinyuzi, yaani zile sehemu ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuziyeyusha. Nyingine hunyonya maji zikavimba, zikawa kama uji mzito. Chakula hutoka tumboni polepole, na mtu hujiona ameshiba. Wauzaji hutafuta mimea iliyo na nyuzinyuzi nyingi za namna hiyo: maganda ya mbegu za isabgoli, ilimwayo hasa Gujarat na Rajasthan huko Bara Hindi, au kiazi cha konjaki, ambacho Wajapani wamekila tangu zamani, na unga wake huitwa glukomanani.

Je, unga huo hufanya kazi? Hufanya, lakini kidogo. Mwaka 2010 wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walikubali ya kuwa glukomanani humsaidia mtu mnene kupungua, lakini kwa masharti: gramu 3 kwa siku, zigawanywe mara tatu, kila mara kwa gilasi moja au mbili za maji kabla ya chakula, na mtu mwenyewe awe amekwisha kupunguza chakula chake. Mwaka 2020 wataalamu wengine walikusanya majaribio 62 ya nyuzinyuzi za namna hii, ambayo watu wake hawakuamriwa kupunguza chakula. Wakaona ya kuwa upungufu wa uzito, kwa wastani, ni kama theluthi moja ya kilo. Huo ni uzito wa embe moja kubwa.

Tena hatari ipo. Unga umezwao bila maji ya kutosha huweza kuvimba kooni na kumkaba mtu. Huko Marekani viliuzwa vidonge vya guari, mmea wa jamii ya kunde. Vikaziba koo za watu, hata mwaka 1990 serikali ikaviondoa madukani. Na tena, kitu kivimbacho tumboni chaweza kuizuia dawa isiingie mwilini kama ipasavyo.

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Wako watakaosema: "Njaa ni mjumbe wa Muumba. Kumziba kinywa ni udanganyifu. Mtu na ajitawale kwa nia yake peke yake." Neno hili lina sura ya haki. Lakini je, mzee avaaye miwani analidanganya jicho? Mwenye mkongojo anaudanganya mguu? Tena bibi zetu walitupikia kande. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu zaidi ya 10 za nyuzinyuzi. Tulikula, tukashiba mpaka jioni, wala hakuna aliyesema ya kuwa tumbo limedanganywa. Tumbo liliumbwa kushibishwa hivyo.

Na jambo hili lilionwa hasa katika nchi hizi zetu. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akatumika miaka mingi huko na Uganda. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyepoteza jicho moja tangu utoto, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 mpaka 1966. Hao wawili waliona ya kuwa magonjwa mengi ya matumbo yaliyowajaa wagonjwa wa Uingereza yalikuwa haba sana kwa watu wa mashamba, waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975 wakatoa kitabu pamoja cha kuwaonya watu wa kwao. Naye Trowell alikuwa amekwisha kuwa kasisi.

Basi tazameni ajabu hii. Wageni walijifunza kwetu. Nasi tukapeleka mahindi yetu mashineni yakobolewe, pumba tukawapa kuku, tukala sembe nyeupe kwa fahari, na dona tukaiita chakula cha maskini. Kisha twanunua nyuzinyuzi katika kopo kwa fedha nyingi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 ya kwamba mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, zitokazo katika vyakula vyenyewe. Gramu 3 za kopo ni mbali na hizo.

Kwa hiyo naona ya kuwa, kama upo udanganyifu, haumo tumboni. Umo katika kinywa cha muuzaji, aahidiye mwili mpya kwa mwezi mmoja, wala hasemi habari za ile embe. Na umo katikati yetu pia. Maana nilijiuliza: kwa nini mama yule alilificha kopo lake? Ndipo nikakumbuka. Miezi michache iliyopita nilifundisha juu ya ulafi, nikafanya mzaha juu ya watu wanene. Watu walicheka. Yeye alikuwa ameketi benchi la tatu. Sikujua, au sikutaka kujua, ya kuwa unene hutoka katika mambo mengi: urithi wa wazazi, uzazi, dawa, kazi ya kuketi, huzuni. Mtu mwembamba aweza kuwa mlafi wa fedha na wa sifa, wala hakuna amchekaye, kwa sababu ulafi wake hauonekani kiunoni.

Kiasi, basi, ni nini? Si wembamba. Kiasi ni kujua kusema "yatosha" hata chungu kingali kimejaa, na kuwakumbuka wengine wanaokula katika chungu kile kile. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, alikiri ya kuwa kufunga ni zoezi jema la nje. Lakini hakukubali ya kwamba zoezi la nje latosha. Ndivyo nilivyouona unga huu. Waweza kuwa msaada wa nje, nasi tusimhukumu autumiaye. Waweza kulinyamazisha tumbo kwa saa mbili au tatu. Lakini hamu isiyotoka tumboni, unga utainyamazishaje?

Jumapili iliyofuata nilimwambia, "Mama, si kosa. Lakini kwanza mwonyeshe mganga wa zahanati kopo hilo, maana wewe wameza dawa ya kisukari, na vitu hivi viwili visigongane. Unywe maji mengi, wala usiunywe unapokwenda kulala. Tena nakuomba unisamehe kwa yale niliyoyasema siku ile." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mchana sina njaa. Usiku ndipo nilapo. Tangu marehemu baba watoto aondoke, nyumba ni kimya mno."

Nikafahamu ya kuwa tulikuwa tumejadili tumbo wiki nzima, na ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Kopo bado analo. Mganga amempa ruhusa, autumie mbali na saa za dawa. Naye mke wangu amemwomba aje ale kwetu Jumatano jioni, nasi hula kande. Sijui kama amepungua, wala sijamwuliza.

Walimu wenzangu, mkifundisha habari za kiasi, fundisheni kwa bidii, maana ni neno kubwa. Lakini kabla hamjafumbua kinywa, angalieni ni nani aketiye benchi la tatu.