Nalala na Koti la Mvua

Nalala na koti la mvua. Nyumba yetu haivuji, na sitoki safarini. Shuka imetandikwa, chandarua kimeshushwa, nami navaa koti na kupanda kitandani, kwa sababu napenda. Ni koti la plastiki la rangi ya manjano, la mikono mirefu, aina ile wanayovaa wavuvi wa Uroa wakitoka usiku wakati wa kusi. Likigusa ngozi mwanzoni huwa baridi kama sakafu ya saruji alfajiri. Baada ya dakika chache hushika joto la mwili na kulirudisha. Nikigeuka, linachakacha, na sauti hiyo ndiyo inayonilaza. Kofia yake siivai, na kiangazi chote hukaa msumarini, maana joto la mwezi wa pili halina mzaha. Wakati wake ni masika na kipupwe.

Kwa miaka mingi hakujua mtu. Sasa naolewa Mfunguo Mosi, inshallah, na kitanda kitakuwa cha watu wawili. Swali lililonikosesha usingizi, hata nikiwa ndani ya koti, ni hili: je, nina deni la kumwambia mchumba wangu jambo ambalo si kosa?

Lilipoanzia naweza kulieleza. Mama yangu analima mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kikaenea vijiji vingine vya pwani hiyo hadi kwetu, na wakulima wengi ni wanawake. Kazi yake hufuata bamvua: bahari ikipwa sana, wanawake huteremka hadi kwenye vigingi vyao, wakafunga mbegu kwenye kamba au wakavuna, kisha wakarudi kabla maji hayajajaa. Mvua ya masika haiahirishi bamvua, kwa hiyo Mama alikuwa na koti la plastiki la kazi. Usiku, paa letu la makuti likiwa limechoka, alilifuta koti kwa kanga kuukuu, akanifunika nalo. Matone yaliangukia plastiki, ta, ta, ta, nami chini yake mkavu. Yeye alilala upande unaovuja.

Yote hayo ni kweli. Lakini nimegundua kwamba nayasimulia kwa hila. Nikianza na paa, msikilizaji hulainika uso, akanionea huruma, akaacha kuuliza. Ninachokificha ni kwamba paa liliezekwa bati nikiwa na miaka 9, na koti hili la manjano nililinunua mwenyewe Darajani nikiwa na miaka 20, siku ya jua kali.

Chuoni nilitafuta watetezi vitabuni. Nikamkuta Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliyechapisha mwaka 1953 makala kuhusu kile kitambaa au mwanasesere ambacho mtoto mdogo hawezi kulala bila ya kukikumbatia. Nikamkuta Temple Grandin wa Marekani, mtu mwenye usonji, ambaye akiwa kijana aliona ng'ombe kwenye shamba la shangazi yake wakitulia walipobanwa ndani ya kizimba cha chanjo, akajitengenezea mashine ya kuubana mwili wake mwenyewe, nayo ikamtuliza. Niliwasoma kwa furaha ya mtu aliyepewa cheti cha daktari. Halafu nikajiuliza: cheti cha nini, na mimi siumwi? Grandin alikuwa na wasiwasi mkubwa wa kuutuliza. Mimi sina cha kujitetea nacho ila raha.

Nadhani hapo ndipo penye ugumu. Raha yenye jeraha nyuma yake tunaivumilia. Raha tupu tunaishuku. Lakini si raha zote tupu. Hapa kwetu mtu hufukiza nguo zake kwa udi, na kitanda cha biharusi hutandazwa asumini, na hakuna anayeuliza asumini ile inatibu nini. Tunajua kwamba ngozi, pua na masikio navyo vina haki yao kwa mwenyewe. Kwa nini basi ua kitandani liwe uungwana na plastiki iwe kichaa? Nimelipindua swali hili kila upande na tofauti niliyoipata ni moja tu: asumini tunaipenda wengi.

Wingi wa watu hauwezi kuwa mizani. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, alitetea mwaka 1859 kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu kwa jambo lisilomdhuru mwingine. Wanazuoni wetu wana kanuni ya zamani zaidi inayopita karibu na hapo: asili ya vitu ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Kwa mizani zote mbili koti langu lilitoka salama.

Mimi sikutoka salama. Bwenini, mwenzangu wa chumba aliniona usiku mmoja na kuuliza. Nikasema nina homa. Mara ya pili nikasema naogopa mbu. Mara ya tatu nikasema shuka zimelowa. Koti halijamdhuru mtu, lakini kwa ajili yake nilisema uongo mara tatu kwa mtu aliyekuwa akinipikia uji nikiumwa kweli. Aibu ililichukua jambo lisilo dhambi, ikalizalisha dhambi.

Ndiyo maana nilipoposwa nilikumbuka hadithi tuliyofundishwa madrasa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione, kisha akaambiwa kuwa anayeghushi si katika sisi. Nilipokuwa mdogo nilimwona mfanyabiashara yule kuwa mwizi. Sasa namwona vingine. Mvua hakuileta yeye, na nafaka yenye unyevu haikuwa haramu kuiuza. Kosa lake lilikuwa ni kuchagua ipi iwe juu na ipi iwe chini.

Lakini dini hiyo hiyo, na adabu ya hapa kisiwani, imenifundisha pia stara. Usifichue aibu ya mwenzio, wala usijianike mwenyewe. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na huna haja ya kuijua. Basi lipi kati ya haya mawili linahusu koti langu: stara au ghushi?

Nilimuuliza somo yangu, siku alipokuwa akinisinga. Nilikuwa nimelala kifudifudi mkekani, singo imenikaukia mgongoni, na ilikuwa rahisi kusema kwa kuwa sikuuona uso wake.

"Somo, nina jambo."

"Lisema, mwanangu."

Nikalisema. Mikono yake ikasimama.

"Plastiki?"

"Plastiki."

"Na joto hili?"

"Kiangazi silivai, somo."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha mikono ikarudi mgongoni, ikasugua kimya kimya, nami nikadhani mazungumzo yameisha.

"Mwari," akasema, "mimi nimesinga wengi. Mambo ya vitanda vya watu ninayo tele, na wewe hutalisikia hata moja. Hiyo ndiyo stara. Lakini kitanda chako na mumeo ni cha nyie wawili. Kitakachoingia humo, akijue kabla hajalala. Kwa nini unakipenda, hilo lako. Ukitaka utampa, usipotaka kaa nalo."

Sijasoma mahali popote maneno yaliyonisaidia zaidi ya hayo. Stara hufunika yale ambayo mwingine hayabebi. Ghushi hufunika yale ambayo atayabeba. Mchakacho wa usiku wa manane ataubeba yeye. Jasho na joto la plastiki ubavuni pake atalibeba yeye. Paa lililovuja, na upande aliolala Mama, hayamlemei, kwa hiyo hayo naweza kuyaweka mpaka siku nitakayotaka.

Na nilipolifikiri zaidi niliona kwamba lazima niyaweke, angalau kwa siku ya kwanza. Nikimwambia habari ya koti huku nimetanguliza paa, atakubali kwa huruma, na mtu akishakuonea huruma hawezi tena kusema hapana. Hiyo nayo ingekuwa namna ya kuficha unyevu. Nilitaka aone kitu chenyewe, bila ya jeraha juu yake.

Nikampigia. Yuko Mjini, nyuma yake zilisikika honi za daladala.

"Nalala na koti la mvua," nikasema. "La plastiki. Nilitaka ujue kabla."

Honi tu kwa muda. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna mtu alikufanyia kitu?"

"Hapana. Napenda tu."

Akanyamaza tena. Paa lilikuwa ulimini mwangu, tayari kabisa. Nikalimeza.

"Linapiga kelele?"

"Linachakacha. Nikigeuka."

"Mimi usingizi wangu mwepesi sana."

"Sikujua."

"Basi umejua," akasema. Halafu, baada ya honi nyingine: "Tutaona."

Nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka acheke, au aseme hapana shaka. Siku nzima neno lile lilinikera, na hata sasa sijui litaishia wapi. Huenda nitalala na koti msimu mmoja na kuliacha mwingine. Huenda atazoea, huenda nitazoea mimi. Lakini hajaniambia uongo, na mimi sijamwambia uongo, na usingizi wake mwepesi nao umekuwa juu ya lundo, nauona.

Jana nilipanga sanduku. Doti za kanga, udi, mafuta, khanjifu mbili za shangazi zangu, na koti la manjano juu ya vyote. Mama aliingia kukagua, kama kila mama. Akaliona. Hakuuliza kitu. Alilichukua, akalikung'uta, akalikunja upya, mikono kwa ndani na kofia chini, vile alivyokuwa akilikunja la kwake akirudi pwani. Kisha akalirudisha pale pale juu, akafunga sanduku.